Mashtaka ya Malkia

Mume wangu alikagua shule za watu kwa miaka thelathini na moja, na tangu astaafu ananikagua mimi. Mimi na mbwa. Mtaa mzima unamwita Mkaguzi, naye anadhani ni heshima. Asubuhi anapiga pasi suruali ambayo hakuna atakayeiangalia, anachomeka kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, ya bluu na ya nyekundu, halafu anazunguka nyumba kutafuta kosa. Akikosa langu, anakwenda kutafuta la Malkia.

Malkia ni mbwa wetu jike, umri miaka saba, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mapacha wetu walimleta akiwa anaenea ndani ya kiatu, kisha wakakua, wakahama, wakatuachia. Mimi ni fundi wa mapazia. Nafanyia kazi chumba cha mbele, kwenye meza ndefu iliyojaa vitambaa vya wateja, na Malkia hulala juu ya mguu wangu wa kushoto, ule usiokanyaga cherehani. Kwa miaka saba hakuna kiumbe mwingine katika nyumba hii aliyekaa karibu nami saa nyingi namna hiyo bila kunisahihisha.

Basi mwaka huu Malkia akaanza kukojoa ovyo. Alianzia mlangoni, akaja koridoni, akafika chini ya meza yangu, kidogo kidogo, utadhani anamwagilia maua. Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, binti mmoja anayekunja mikono ya koti lake hadi kwenye viwiko. Akampima, akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo. Bakteria. Akatupa vidonge vya siku kumi na nne, asubuhi kimoja, jioni kimoja.

Ungemwona Mkaguzi! Mtu ambaye hajui dawa yake mwenyewe ya presha iko kabati gani, alichora jedwali kwa rula na kulibandika kwenye mlango wa friji. Vidonge ishirini na nane, alama za vema ishirini na nane. Siku ya mwisho akaandika chini yake kwa wino mwekundu, "Utekelezaji asilimia mia," akatia sahihi, akaniita nije kuona. Nikamwambia hongera. Ni neno ninalomtupia kama ninavyowatupia kuku punje, ili aondoke miguuni pangu.

Malkia alitulia wiki moja. Ya pili yakarudi yaleyale. Ukimtoa uani anachuchumaa, anakaza, yanatoka matone matano. Anasogea hatua mbili, anachuchumaa tena, yanatoka matatu. Anaingia ndani na uso wa mtu aliyesahau kitu sokoni, na hapo mlangoni mengine yanamponyoka. Kisha ananitazama. Sijui mbwa wa watu wengine, lakini wangu alikuwa anaona aibu, na aibu yake iliniuma kuliko kufua vitambaa.

Nikampigia daktari simu. Akasema tulete mkojo apeleke maabara, wajaribu kuuotesha, tuone kama bakteria bado wamo. Mkaguzi akanipokonya simu na kusema kazi hiyo ataisimamia yeye, maana ni kazi ya kitaalamu na haitaki mkono wa mtu asiyejua viwango. Akajifungia bafuni na chupa tupu ya jamu kwa nusu saa. Alipotoka alikuwa na chupa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika upawa wangu wa supu. Majirani walisimama kwenye ukuta wao wakitazama mtu mzima, mstaafu mwenye cheti, amechuchumaa nyuma ya mbwa aliyechuchumaa. Upawa ule niliutupa siku hiyohiyo.

Chupa akaipeleka peke yake. Malkia alibaki nyumbani kwa sababu, alivyosema Mkaguzi, kinachopimwa ni mkojo na si mkia.

Baada ya siku nne daktari alipiga simu. Hakikuota kitu. Mkojo safi kabisa. "Bakteria wameisha," akasema. "Kama bado anakojoa ndani, huenda ni mazoea tu yamebaki. Mrudishieni ratiba ya kutoka nje."

Neno hilo, mazoea, lilimfufua Mkaguzi. Maambukizi hayakuwa yamempa kazi ya kutosha, maana bakteria huwezi kumwandikia barua ya onyo. Lakini tabia! Tabia ndiyo iliyomlisha miaka thelathini na moja. Akaenda stoo kutoa jalada la kahawia, moja ya yale aliyoondoka nayo ofisini siku ya kuagwa, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: MALKIA – MWENENDO. Ndani kulikuwa na safu nne: tarehe, mahali, kiasi, maelezo. Kiasi alikikadiria kwa vijiko.

Nilicheka mwanzoni. Wiki ya kwanza nilicheka mpaka nikachoka, maana alisoma barua ya onyo la kwanza kwa sauti, amesimama wima sebuleni, naye Malkia amekaa mbele yake akitikisa mkia kwa sababu alisikia jina lake mara nyingi. Lakini onyo la pili lilikuja siku sita baadaye, na la tatu siku tano baada ya hapo, na barua zote tatu zilikuwa na kosa lilelile: kiti.

Kiti chenyewe ni chake, kile cha kuegemea karibu na dirisha. Nilikivisha kitambaa kipya mimi mwenyewe, cha rangi ya kahawa, kizito. Alikuwa anakikuta kimelowa. Anaita, nakuja, naona baka la maji katikati ya kikalio cha kiti, naye amesimama kando ameshika kiuno. Sikuwahi kumwona Malkia akipanda kiti kile, lakini mimi kutwa nzima nimeinamia cherehani, ningeapa vipi? Nilichukua kitambaa, nikafuta, nikarudi kazini.

Jumatatu moja akamwita dada yake. Wifi yangu huyu alifanya kazi posta, dirisha la barua za rejista, na mpaka leo anakutazama kana kwamba umekosea anwani. Alikuja na mkoba wake, akaupakata, akakataa chai. Mkaguzi akafungua kikao. Wallahi alisema "nafungua kikao", watu watatu na mbwa.

"Kaka, mbwa huyu anakufanyia makusudi," wifi akasema alipomaliza kusomewa jalada. "Wanajua sana hawa. Anajua kiti kile ni cha mwenye nyumba."

"Ndiyo hoja yangu," Mkaguzi akasema. "Angekuwa mgonjwa angekojoa popote. Kwa nini kiti changu?"

"Si anakojoa popote?" nikauliza. "Jana kakojoa kwenye pazia la mteja."

"Mama Pacha, tafadhali usivuruge ushahidi."

"Ushahidi gani, Baba Pacha? Mbwa ana taabu."

"Maabara imesema hana. Unapingana na maabara?"

Wifi akaguna, akasema nyumba inanuka, kwamba wageni wanasema, kwamba kaka yake hawezi kuzeeka katikati ya mikojo. Kisha akalitoa lile neno ambalo Mkaguzi alikuwa analizunguka tangu asubuhi bila kuthubutu. Mbwa apelekwe akachomwe sindano, alale, yaishe. Hakuna atakayemchukua mbwa wa miaka saba anayevuja. Mkaguzi akaandika. Aliandika kwa haraka, na akapanga Ijumaa saa nne asubuhi. Akanigeuzia karatasi nitie sahihi chini ya jina la wifi.

Nikatia.

Nimewacheka wote katika habari hii na nitaendelea kuwacheka, kwa hiyo nijiseme na mimi. Miaka ishirini na minane nimetia sahihi karatasi za mtu yule kwa sababu kutia sahihi kunachukua sekunde moja na kukataa kunachukua wiki. Niliweka jina langu chini ya kifo cha mbwa anayenilalia mguuni, kisha nikaenda kupima dirisha la mteja. Mtu wa namna hiyo mnamwitaje? Mimi nilijiita majina yote niliyoyajua na hakuna hata moja lililonitosha.

Alhamisi nilikuwa nakata bitana, kile kitambaa cheupe cha kuweka nyuma ya pazia, na kipande kikaanguka chini. Malkia akaondoka mguuni kwangu, akakichuchumalia. Alikaza mpaka miguu ya nyuma ikatetemeka. Sauti ilimtoka, ndogo, ya puani. Aliposogea niliinama nifute, nikaona matone kwenye bitana nyeupe ni ya waridi. Kwenye sakafu yetu nyekundu nisingeyaona hata kwa mwaka mzima.

Nilikaa chini sakafuni na lile pande la kitambaa. Tabia haitoi damu. Hata mimi, fundi wa mapazia, niliyeishia darasa la saba, hilo nalijua.

Sikumwambia Mkaguzi. Angefungua kikao. Nilikunja kitambaa, nikakitia kwenye mfuko, na Ijumaa nikasema nami nakwenda.

"Kuna haja gani?" akauliza. "Utalia tu."

"Basi nitalia."

Kliniki ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya bati katikati na mizani ukutani. Mkaguzi alitangulia kuweka jalada mezani kabla mimi sijampandisha mbwa. Daktari akalifungua. Nilimwona akisoma, nyusi zikipanda taratibu.

"'Kosa la tisa,'" akasoma kwa sauti. "'Kuchuchumaa kwa dharau.' Mzee, hii ni nini?"

"Kumbukumbu kamili. Utaona azimio la kikao ukurasa wa mwisho."

"Mnataka nimchome sindano ya mwisho?"

"Kikao kimeazimia."

Nikatoa kitambaa changu na kukitandaza juu ya jalada. "Daktari, mazoea yanatoa damu?"

Daktari alikipeleka dirishani, akakigeuza, akarudi kwa Malkia na kumpapasa tumbo, polepole, karibu na miguu ya nyuma. Malkia akaguna na kunigeukia. Daktari akaushika mkono wangu na kuuweka pale alipokuwa ameweka wake. "Bonyeza kidogo, mama. Unasikia?"

Nilisikia. Ilikuwa kama kokoto ndani ya soksi.

Akaleta mashine ya altrasaundi, akampaka mbwa mafuta, akatuonyesha kwenye kioo. Mawe. Matatu makubwa na changarawe nyingine juu yake, yote ndani ya kibofu. Akatueleza kwamba bakteria hujificha ndani ya mawe, vidonge vikapita vikaua waliomo kwenye mkojo, na waliomo maweni wakangoja vidonge viishe. Na mawe nayo yanakwaruza kibofu saa zote, ndiyo maana mbwa anahisi amejaa hata akiwa hana kitu. Malkia alikuwa anatembea na vitu vile tumboni huku akisomewa barua.

"Ninachoshindwa kuelewa ni maabara," daktari akasema, kama anajisemea. "Mkojo wenye hali hii ungeota. Mzee, ule mkojo uliuchukuaje?"

Loo! Mkaguzi alivuta suruali juu. Alikuwa amengoja swali hilo mwezi mzima.

"Kwa viwango vya juu kabisa," akasema. "Chupa niliiloweka kwenye dawa ya choo, ile kali, nusu saa. Upawa vilevile. Sikusuuza, kwa sababu maji ya bomba yangerudisha uchafu."

"Hukusuuza."

"Hata tone."

"Mzee, umewaua bakteria ndani ya chupa kabla hawajafika maabara."

"Usafi ni kwa ajili hiyo," Mkaguzi akasema, na bado uso ulikuwa unangoja sifa.

Ilimchukua muda. Niliona jambo likimshukia, kwanza masikioni, kisha shingoni. Vyoo vya shule ngapi mtu yule aliviandikia ripoti kwa kuvinusa tu, na sasa amekwenda kuosha choo ndani ya chupa ya mkojo wa mbwa. Ningecheka kama nisingekuwa nimemshika Malkia kichwa.

"Na mimi niliisikia harufu," daktari akasema polepole. "Nilipofungua nikashangaa, mkojo unanukia choo kilichooshwa. Nikadhani ni mikono yangu."

Amesoma miaka yote ile, ananusa dawa ya choo kwenye mkojo, anadhani ni mikono yake, anaandika "safi" na kutuambia mazoea. Nilimdharau palepale, ingawa ndiye aliyekuwa anamwokoa mbwa wangu, na nadhani aliliona hilo, maana alianza kuzungumza nami na si na mwenye kalamu. Akasema atampasua kesho yake asubuhi. Atakaa naye siku sita. Na akasisitiza, hata baada ya mawe kutoka, kibofu kimevimba na kuchubuka, mbwa ataendelea kuvuja matone kwa wiki kadhaa. Tusishangae na tusimkasirikie.

"Azimio itabidi liahirishwe," Mkaguzi akasema.

"Lichane," nikamwambia.

Hakulichana. Alilifunga jalada, akalibana kwapani, na njia nzima ya kurudi alinieleza kwamba taratibu zilifuatwa, kasoro ilikuwa ndogo, na kwamba suala la kiti linabaki palepale, kwa kuwa hakuna mawe yanayompandisha mbwa kwenye kiti. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa na baridi mpaka jioni.

Jumamosi daktari alipiga simu kusema ameyatoa yote, Malkia ameamka na amekunywa maji. Nililia jikoni, peke yangu, kwa furaha, kwa sauti, na sufuria ikaungua.

Jumatatu asubuhi niliingia sebuleni kuchukua mkasi. Mkaguzi alikuwa ameinamia kiti chake na leso mkononi, anasugua. Baka lilikuwa katikati, pale pale, bado linatoa mvuke wa joto. Suruali yake ilikuwa na baka kama lile.

Akageuka. Mdomo ukawahi kabla ya kichwa.

"Malkia tena," akasema.

Tulitazamana. Nyumba ilikuwa kimya, maana mbwa alikuwa kliniki kilomita tatu kutoka pale, ana nyuzi tumboni.

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, sitaki kukisikia tena kinatoka kwangu. Kilipokatika nilikwenda chumbani kwake, nikachukua jalada, nikaja kuliweka mezani.

"Toa kalamu nyekundu," nikasema.

"Mama Pacha—"

"Toa. Futa yaliyo yako."

Sikutegemea kwamba atafanya. Lakini mtu aliyezoea karatasi, karatasi humshinda nguvu. Alivuta kigoda, akavaa miwani, akaanza juu. Makosa kumi na tisa. Kwa kila moja alisoma tarehe, kisha akafuta au akaruka. Hakudanganya, hilo nampa. Alipofika mwisho, kumi na moja yalikuwa yamepigwa mstari, na yote yaliyoandikiwa barua, la kwanza, la pili na la tatu, yalikuwa yake.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Kabla ya mbwa kuugua."

"Kabla." Alikuwa anazungumza na kofia ya kalamu. "Nikienda chooni nasimama, nakaza, yanatoka matone. Nikirudi kukaa, yanatoka yenyewe."

Nikaelewa kwa nini aliyaandika ya Malkia vizuri namna ile, matone mangapi, kukaza kwa muda gani. Hakuna shule aliyoikagua kwa ujuzi kama huo.

"Ulikuwa unampeleka kufa," nikasema. "Umeniwekea na karatasi nitie sahihi. Na akishakufa, ungemsingizia nani?"

Alifikiri. Mtu huyu, anayepanga hata siku ya kukata kucha, alikuwa hajawahi kulifikiria.

"Nilidhani mpaka hapo nitakuwa nimepona," akasema.

Sikumwonea huruma. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Huruma yangu yote ilikuwa imelala kliniki. Nilimwambia kesho yake anakwenda hospitali. Akasema kule mapokezi huuliza kwa sauti, mbele ya watu. Nikamwambia Malkia aliulizwa mbele ya wifi. Jumanne alisema anaumwa kichwa. Jumatano akasema yatapungua yenyewe. Nikaacha kumpakulia chakula, akawa anajipakulia, na tukaishi hivyo, kimya, kiti kimegeuzwa kuelekea ukutani.

Alhamisi nilimleta Malkia nyumbani. Alikuwa amenyolewa tumbo na amekonda, na alikwenda moja kwa moja chini ya meza kutafuta mguu. Hata saa moja haijapita, mlango ukagongwa. Wifi, na mkoba wake. Alikuwa amekuja kuhakikisha.

Akaingia sebuleni alikokuwa kaka yake, na Malkia, ambaye hajui kuweka kinyongo, akamfuata kumnusa viatu.

"Huyu bado yupo?" wifi akasema. "Kaka! Si tulikubaliana? Umekosa msimamo lini wewe?"

"Alikuwa mgonjwa, wifi," nikasema kutoka mlangoni. "Amepasuliwa. Alikuwa na mawe."

"Mawe ya nini! Mawe ndiyo yanampandisha kwenye kiti?"

Na palepale Malkia, aliyekuwa amesimama tu, akavuja. Matone sita au saba, mbele ya kiatu cha wifi, kama daktari alivyotuambia. Akayatazama, akalaza na lile sikio lililosimama.

"Si unaona?" Wifi alikuwa amesharudi nyuma mpaka ukutani. "Si unaona jeuri hiyo? Mrudishe leoleo akachomwe. Leo! Kaka, nina nafasi, nitakusindikiza mwenyewe."

Sikusema kitu. Ningeweza kusema, nilikuwa na jalada kwenye kabati, lenye mistari myekundu kumi na moja, na mdomo wangu ulikuwa umejaa. Lakini lilikuwa jambo lake. Nilimtazama Mkaguzi na nikaona wazi kwamba kulikuwa na njia mbili tu, na ile rahisi ilikuwa inahitaji anyamaze tu. Alikuwa mtu wa kunyamaza hapo. Ningeweka dau mwili wangu.

Alikohoa. Akashika kalamu zake mfukoni, akaziachia.

"Dada," akasema, "kiti ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ninayelowesha kiti. Si mbwa. Mkojo unanitoka. Mwaka sasa."

Wifi alifungua mdomo. Akamtazama kaka yake usoni, kisha macho yakashuka kwenye suruali, yakapanda tena haraka, na mkoba ukamteleza mkononi ukaanguka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na anwani ya kumrekebishia mtu.

"Kaka yangu," akasema baadaye, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "mbona hukusema?"

Mkaguzi alitoa leso yake, akapiga magoti mbele ya Malkia, magoti ya miaka sitini na tatu yanayolia, akaanza kufuta yale matone. Alifuta vibaya, aliyasambaza tu. Malkia akamlamba sikio. Mabega yakaanza kumtikisika.

Miaka ishirini na minane nilikuwa nimemwekea mtu yule maneno, yamepangwa, yamenolewa, yanangoja siku yake. Ilikuwa ndiyo siku. Niliyatafuta, sikuyaona nilikoyaweka. Nikaenda jikoni, nikamletea ndoo na tambara.